Sauti ya Mama Kutoka Dunguni

Wanakamati wenzangu, mlinipa kazi mliyoiita nyepesi kuliko zote: nishuke Ifakara, nimchukue mama yangu, nirudi naye Dodoma kabla ya harusi ya mdogo wangu Yustina. Wengine walipewa ukumbi, wengine chakula, wengine muziki. Mimi nilipewa mama. Nikachelewa, simu za mwenyekiti zikawa nyingi kuliko za bibi harusi mwenyewe, na tangu siku ile kila anayepita kwenye cherehani yangu anauliza kilichonikuta. Wapo pia wanaouliza kwa nini Yustina alipiga ukelele ule ukumbini, kama mtu aliyeona nyoka. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku nashona. Someni hapa yote mara moja. Habari za tiketi nitaziruka.

Dodoma hadi Mikumi

Niliondoka na begi dogo na mfuko mrefu wa kuhifadhia suti, ndani hamna kitu. Gauni la mama nilikuwa nimelishona mapema na kumtumia ili alijaribu, na mfuko ule ulikuwa wa kulirudishia bila kukunjamana. Nilipouning'iniza juu ya kiti, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka.

"Hongera, baba. Unakwenda kuoa?"

"Hapana, mzee. Nakwenda kumchukua mama."

Akautazama mfuko, akanitazama mimi, akageuka mbele bila kuuliza tena. Mpaka Morogoro basi zima lilikuwa limeshapokea habari kwamba bwana harusi yupo ila ana aibu. Tulipobadilisha basi nikadhani yameisha, kumbe mzee naye alikuwa anaelekea Ifakara, na habari ilipanda pamoja naye.

Kwenye basi la pili nilikaa na binti mwanafunzi wa chuo. Simu yake ikaita. Aliyepiga ni bibi yake, na alizungumza Kindamba kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma: umekula, umevaa sweta, mbona kimya. Binti akajibu kwa Kiswahili, ameweka kiganja mdomoni, "Bibi, niko kwenye basi." Alipokata nikamsalimu kwa lugha yetu. Akatazama dirishani.

"Kaka, siyo hapa," akasema polepole.

Baadaye akanimegea nusu ya muhindi wake wa kuchemsha, nami nikaupokea. Hatukuzungumza habari ile tena. Nilikuwa nawaza simu yangu mwenyewe, maana kwa muda mrefu kila nilipompigia mama nilimsikia kwa mbali mno, kama mtu aliye chini ya mablanketi. Nilikuwa nalaumu mtandao. Nilishamwambia mara kadhaa apande mahali palipoinuka.

Mikumi hadi Ifakara

Ambaye hajapita njia ile wakati wa masika asinicheke. Tulipoyapita mashamba ya miwa tukakuta foleni ya malori, tope mpaka magotini, milima ya Udzungwa upande wa kulia imejifunika mawingu. Abiria tulishuka, tukala ndizi za wauzaji wa njiani, tukapanda, tukashuka tena. Mzee wangu alinifuata na kipande cha muwa alichokimenya mwenyewe.

"Usikate tamaa," akaniambia. "Hata mimi siku ya kwenda kuoa mvua ilinyesha."

Nikaona kumkatalia ni kumwonea. Nikamshukuru.

Niwaeleze kidogo kuhusu mama, ili mengine yasiwapite. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, na mama alitulea kwa mpunga pale kijijini kwetu, Michenga. Mpunga ukitoa masuke, ndege huja kwa makundi, na mtu lazima akae shambani kutwa nzima kuamia, yaani kuwafukuza. Anakaa juu ya dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na kazi yake kubwa ni sauti. Mama akipaza, ndege wanaruka upande huu wanataka kutua upande ule. Hapo mtoto aliye upande wa pili wa shamba lazima ajibu, ili wasipate pa kutua. Mama anaita, mtoto anajibu, mpaka jua linazama. Mimi na Yustina tulikua hivyo. Sauti ya mama ilijulikana bonde zima, na mabega yake nayo, maana hajawahi kulimiwa na mtu. Nilipomshonea gauni sikuhitaji kumpima. Mabega yale nayajua kwa kiganja.

Mlabani

Nilifika Ifakara nimechoka, nikaenda mtaa wa Mlabani kwa mama mdogo Leokadia nipumzike kabla ya kwenda Michenga. Huyu ni mdogo wake mama, tumbo moja. Alifanya kazi miaka mingi mapokezi kwenye zahanati moja. Ana sauti laini, rangi ya maji ya kunde, na namna ya kumkaribisha mtu inayomfanya asahau homa. Hakujaliwa mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, kama mama anavyoitwa Mama Fidelis kwa ajili yangu. Leokadia, mtaa mzima, wakubwa kwa watoto, wanamwita Mama Mdogo tu. Yustina alikaa kwake miaka yote ya sekondari.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mimi niko tayari."

Begi lake lilikuwa mlangoni. Nikafurahi kwamba naye atakuja. Akanipakulia wali na kambale wa mchuzi mzito, nikala mpaka nikalegea. Ndipo akasema, "Kwa kuwa wewe ni fundi, hebu niangalie." Akaingia chumbani, akatoka amevaa gauni la mama.

Lilimkaa vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonishtua. Nikamgeuza, nikapeleka mkono begani. Fundi wa huko alikuwa amelipunguza mabega na kifua. Hakukata kitambaa. Alikikunja chote ndani na kukishika kwa mishono mirefu. Nilishangaa, lakini akili yangu ilikuwa kwingine.

"Mama mdogo, gauni hili ni la mama."

"Hakukuambia?" Uso wake ukabadilika. "Dada amesema nikae mimi pale meza kuu. Amesema mimi pia ni mama."

Na ni kweli. Mama mdogo ni mama, kwetu hilo halina mjadala. Mshereheshaji akisema mama wa bibi harusi asimame, Leokadia akasimama, hakuna atakayesema uongo umesemwa. Ndiyo maana mpango ule ulikuwa mgumu kuupinga. Haukuwa na kosa popote, isipokuwa mama yangu hakuwemo.

Michenga

Kijana wa bodaboda alinishusha kabla ya kufika. "Bro, hapo mbele siendi. Tope hilo litanila pikipiki." Nikavua viatu, nikatembea. Kabla sijaona paa la dungu nikamsikia mama.

"Haaaya hooo!"

Ndege wakainuka, wakaja upande wangu. Kabla sijafikiri nikajikuta nimejibu, "Hoooya!", mtu mzima na ndevu zangu, mfuko wa suti mkononi. Ndege wakageuka. Kule dunguni nikaona mkono unapunga.

Nilipopanda, mama alinipokea kwa mikono miwili. Kichwani alikuwa amefunga kitambaa, amekikaza mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Alisema kwa kunong'ona. Tulikuwa sisi wawili, mpunga na ndege.

"Mama, mbona unanong'ona?"

"Sinong'oni. Ndivyo ninavyoongea na watu siku hizi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba mtandao haukuwa na hatia yoyote. Nilimbana, akakwepa, akasema mpunga umefikia pabaya, hana wa kumwachia. Nikamwambia nimeshaliona gauni. Akatazama shamba, kisha akanieleza.

"Unakumbuka siku ya kutambulishana, kule Dodoma? Nilipowaamkia wakwe, yule mama mwenye miwani alimwegemea mwenzake. Akasema, huyu anaongea kama anafukuza ndege. Wakacheka. Na mimi nikacheka."

"Alikuwa anatania, mama."

"Najua. Na alisema kweli, si ndiyo kazi yangu? Lakini mtoto anakwenda kuishi na watu wale. Sitaki wamwangalie yeye kwa kuniangalia mimi. Leokadia amezoea watu. Anaongea vizuri. Mabega yake yanaenea kwenye kiti."

"Kiti gani kisichoenea mabega ya mtu?"

"Unajua ninachosema, baba."

Nilijua, na niliumia. Nilimkasirikia yule mama wa miwani, ambaye bila shaka aliyasahau maneno yake kabla ya kufika kwake. Lakini mama aliyachukua, akayasafirisha mpaka Michenga, akawa anajiambia mwenyewe kila siku bila kutumwa na mtu. Ningejua namna ya kuyashona mambo ya aina hiyo ningekuwa tajiri.

"Na maneno ya kumwambia Yustina ukumbini? Hayo nayo atayasema mama mdogo?"

"Nimemfundisha yote." Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Aseme alimbeba mgongoni, hapa hapa dunguni. Watoto wa wenzangu walikuwa wanashtuka mama zao wakipaza sauti. Yustina alikuwa analala. Nikinyamaza ndipo anaamka."

Aliyasema hayo, kisha akageukia ndege waliokuwa wanatua, akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Akachukua kamba ya makopo akaitikisa badala yake. Nilishuka dunguni nikiwa na machozi, na sioni aibu kuwaandikia.

Ifakara hadi Mang'ula

Nilimbembeleza mpaka maneno yakaniishia. Asubuhi yake alitusindikiza mimi na Leokadia stendi. Alimfunga mdogo wake kitenge vizuri kiunoni, akamnong'oneza dirishani, "Usisahau ile ya mgongoni." Basi likaondoka. Mama alibaki amesimama pembeni ya wauza maji, mikono ameikunja kifuani, amejibana kama mtu anayepisha wengine njiani ingawa stendi ilikuwa na nafasi tele.

Leokadia alianza kujikumbusha maneno. "Yustina mwanangu, nilikubeba mgongoni dunguni..." Akanyamaza. Akaanza tena. Mara ya tatu akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Fide, mimi nilikubali haraka sana, unajua? Dada aliponiambia sikumwuliza hata kama ana hakika."

"Alishaamua, mama mdogo."

"Hapana, sikiliza. Kwenye harusi zote nilizokwenda, mimi nashika sahani. Watu wanasema, wewe huna mzigo, hebu tusaidie kugawa. Na wala hawanitukani, wanasema vizuri tu. Nami nikajua kwamba asiyezaa mahali pake ni jikoni. Sasa mtu akanipa kiti. Nikasema, Mungu amenikumbuka." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kumbe nimepewa kiti cha mtu aliye hai."

Nilimpa karanga.

Mang'ula

Mbele ya Mang'ula lori lilikuwa limekwama katikati ya barabara, magari yote yakasimama. Tulishuka. Leokadia akaniomba ule mfuko wa suti, akafungua zipu, akalipindua gauni bega la kushoto.

"Fundi, njoo uone. Hapa pamekatwa?"

"Hapajakatwa. Niliona tangu jana."

"Uliona lakini hukuwepo. Fundi alishika mkasi, dada akamshika mkono. Akamwambia, usikate, kunja tu ndani. Nikamwuliza kwa nini, akasema kitambaa kizuri hakipotezwi." Akanitazama. "Mtu aliyetoa nguo yake kwa moyo wote, Fide, mkasi unamhusu nini?"

Mimi ndiye fundi, na nilihitaji kuambiwa.

Akachukua simu, akampigia mama, akafungulia spika. Wauza ndizi walikuwa wametuzunguka, na Leokadia hakujali.

"Dada, tuko Mang'ula tumekwama. Panda gari utukute hapa."

Mama akanong'ona kitu.

"Sikusikii, dada."

Akanong'ona tena. Mimi nilisikia vizuri: amesema haji.

"Sikusikii kabisa. Sema kwa nguvu, huku kuna magari."

"Nimesema..."

"Nini?"

"NIMESEMA SIJI, LEOKADIA!"

Kuku wa mtu walikimbia. Wale akina mama wakaacha ndizi zao, wakaitazama simu. Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huyo mama mpunga wake mzima," akasema. "Ndege gani atathubutu?"

Wenzake wakacheka, na kilikuwa kicheko kingine kabisa, cha watu wanaojua kuamia ni nini.

"Nani huyo?" mama akauliza, hakunong'ona.

"Watu wa Mang'ula. Wanakusifu." Sauti ya Leokadia ilianza kukatika. "Dada, ile ya mgongoni imenishinda. Si yangu. Nikiisema Yustina atajua, na mimi nitajua. Njoo uiseme mwenyewe."

Tulingoja. Nikasikia ndege kwa mbali ndani ya simu.

"Hapo Mang'ula," mama akasema, "mko upande gani?"

Lori likavutwa, basi letu likaondoka, sisi tukabaki. Hapo ndipo mwenyekiti aliponipigia na nikamwambia nimepata dharura ya kitambaa. Nisamehewe. Tulikaa kwenye benchi, tukala wali maharage, tukaangalia barabara. Jioni jua likiwa bado lipo, gari dogo la mfanyabiashara wa mchele likasimama, mama akashuka na begi lake. Alipovua kitambaa kichwani ajipepee, nikaona nywele zimesukwa upya, mistari imenyooka. Nywele zile hazikusukwa siku ile.

"Na ndege, mama?"

"Mama wa shamba la pili anashika zamu. Nilishapatana naye wiki iliyopita."

"Ulipatana naye ili uje?"

"Nilipatana naye tu," akasema, akamkumbatia mdogo wake.

Kwenye nyumba ya wageni niliomba wembe, nikafumua mabega. Mishono ilitoka bila shida.

Mang'ula hadi Dodoma

Kesho yake walikaa pamoja mbele yangu. Tulipokaribia Mikumi, Leokadia akasema afadhali yeye ashuke arudi, kazi yake imekwisha, na isitoshe hana nguo.

"Ukishuka, nashuka," mama akamjibu. Kondakta aligeuka kuangalia nani anagombana. Mama akashusha sauti kidogo, kidogo tu. "Mimi nilimbeba, wewe ulimsomesha. Hayo ya kwako siyajui, utayasema mwenyewe. Nguo, huyu hapa fundi yuko nyuma."

Kitambaa kilikuwa kimebaki kwangu. Nilimshonea Leokadia blauzi na sketi asubuhi ya harusi, cherehani ikichemka, na kama mliona upindo wa nyuma haukukaa sawa, sasa mnajua sababu.

Ukumbini

Mengine mliyaona. Katibu alikimbia kutafuta kiti cha pili, na namshukuru kwa kutouliza maswali. Leokadia alisimama kwanza. Alisema jinsi Yustina alivyokuwa akisoma usiku ameweka miguu kwenye beseni la maji ili asisinzie, na yeye akiyabadilisha maji yakipata joto. Yalikuwa yake, na aliyasema kwa ile sauti yake laini bila kukosea neno. Yustina alimwita "mama" mbele ya watu wote, akaacha lile "mdogo". Sijui kama mliona Leokadia alivyokaa baada ya hapo. Alikaa mpaka nyuma ya kiti.

Kisha mama. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kunong'ona. Mtunza hazina, wewe ndiye uliyesema kutoka nyuma, "Hatusikii, mama," na Mungu akubariki. Yule mama mwenye miwani alikuwa meza ya mbele, anatabasamu vizuri tu, hana habari. Mama alimtazama. Akanitazama mimi, akamtazama Yustina. Akakiweka kipaza sauti mezani.

"Yustina!" Glasi zilitikisika. "Nilikubeba mgongoni dunguni. Nikipaza sauti, unalala. Nikinyamaza, unaamka. Mwanangu, nilinyamaza siku nyingi. Usiku wa leo ulale vizuri."

Mama alibaki amesimama, mabega yake yote ndani ya gauni, asijue akae au angoje. Ndipo Yustina alipoinuka, akatupa shela nyuma, akapiga ule ukelele mnaoniuliza.

Hakuwa ameona nyoka, ndugu zangu. Mama alikuwa amepaza sauti, na yeye alikuwa upande wa pili wa shamba.